Maswali ya Wasomaji: Kupunguza Nguvu ya Injini kwa Kompyuta

Wengi wanaotuandikia kuhusu kompyuta za magari huuliza namna ya kuongeza nguvu. Safari hii tumechagua barua zinazouliza kinyume chake, kwa sababu kupunguza nguvu ni kazi inayodhaniwa kuwa nyepesi, na dhana hiyo huwafanya baadhi ya mafundi waifanye bila uangalifu unaostahili.

SWALI: Ndugu mtaalamu, binti yangu amepata leseni ya udereva hivi karibuni, na gari pekee tulilo nalo nyumbani ni la petroli lenye tabo, kile kifaa kinachoisukumia injini hewa, na nguvu ya kilowati 110. Baba yake na mimi tunaona kwamba nguvu hiyo ni kubwa mno kwa mtu anayeanza. Fundi mmoja ametuambia kuwa anaweza kuipunguza hadi kilowati 75 kwa kompyuta, bila kufungua injini. Je, jambo hilo linawezekana kweli? Na je, injini haitadhurika? (Mama wa dereva mpya)

JIBU: Mama, hongera kwa leseni ya binti yako. Ndiyo, nguvu inaweza kupunguzwa bila kufungua injini, na injini haitadhurika kwa sharti moja: kompyuta iagizwe kudai kazi ndogo zaidi kutoka kwa injini, isiagizwe kuichoma petroli vibaya. Inafaa uielewe tofauti hiyo kabla hujamkabidhi fundi ufunguo.

Katika gari lenye pedali ya kielektroniki, mguu wa dereva haufungui moja kwa moja throto, yaani kipepeo kinachoruhusu hewa kuingia kwenye injini. Pedali hupeleka ishara ya umeme, na kompyuta ya injini huisoma ishara hiyo kama ombi la toki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya kiasi fulani. Kompyuta hulipitisha ombi hilo katika majedwali yaliyohifadhiwa kwenye kumbukumbu yake, ikalilinganisha na kikomo kilichowekwa kwa kila kasi ya mzunguko wa injini, na mara nyingi kwa kila gia pia, ikazingatia joto la maji, joto la hewa na hali ya giaboksi, kisha ikaamua kiasi kinachoruhusiwa. Ni baada ya uamuzi huo ndipo inapopanga throto ifunguke kiasi gani, tabo isukume hewa kwa mgandamizo upi, nozeli zipulize petroli kiasi gani na cheche ipigwe wakati gani. Fundi anayeijua kazi yake hushusha kikomo katika hatua ya ombi. Yanayofuata hujipanga kwa uwiano ambao mtengenezaji aliuhesabu na kuujaribu: injini huvuta hewa kidogo, huchoma petroli kidogo, na mchanganyiko wa hewa na petroli, ambao katika uendeshaji wa kawaida ni takriban sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli kwa uzito, haubadiliki.

Fundi asiyeijua kazi huanzia mwisho wa mnyororo huo. Wapo wanaochelewesha cheche ili mwako upoteze nguvu, na kweli gari hulegea, lakini petroli inayowashwa kwa kuchelewa huendelea kuwaka wakati valvu za kutolea moshi zinafunguka, kwa hiyo joto ambalo lingesukuma pistoni huenda kwenye valvu hizo, kwenye tabo na kwenye kifaa cha kusafishia moshi. Wapo pia wanaopunguza petroli peke yake na kuiacha hewa kama ilivyokuwa. Katika mzigo mdogo, yaani injini inapofanya kazi nyepesi, njia hiyo haifui dafu, kwa sababu sensa ya oksijeni kwenye eksozi huona upungufu na kompyuta huurudisha. Katika mzigo mkubwa mchanganyiko mkavu, yaani wenye petroli chache kuliko inavyostahili hewa yake, huweza kuifanya injini igonge, yaani mwako ulipuke ovyo ndani ya silinda, au ikose moto. Injini iliyodhoofishwa kwa njia kama hizo inaweza kuteseka kuliko ilipokuwa na nguvu zake zote. Kwa hiyo muulize fundi wako atabadilisha majedwali gani. Akijibu kwamba atashusha kikomo cha toki pamoja na mgandamizo wa tabo unaokwenda na kikomo hicho, yuko kwenye njia sahihi. Akianza kuzungumzia cheche au petroli tu, mshukuru na umtafute mwingine.

Suala la pili, ambalo wazazi wengi hawalifikirii, ni mahali pa kupunguza. Kilowati hupatikana kwa kuchukua toki, inayopimwa kwa nyutoni-mita, na kuizidisha kwa idadi ya mizunguko ya injini kwa dakika, kisha kugawanya kwa 9,549. Tuseme injini yenu hutoa toki ya nyutoni-mita 250 kuanzia mizunguko 1,500 hadi 4,000. Kwenye mizunguko 4,000 inatoa karibu kilowati 105, na kwenye mizunguko 2,000 inatoa kilowati 52 tu. Fundi akikata kilele pekee ili nguvu isizidi kilowati 75, binti yako hataona mabadiliko yoyote anapoondoka kwenye taa za barabarani, kwa sababu katika mizunguko ya chini toki ni ile ile, na toki hiyo katika gia ya kwanza na ya pili ndiyo inayoyafanya matairi yateleze kwenye lami iliyolowa. Lakini fundi akiishusha toki hadi nyutoni-mita 180 katika mizunguko yote, gari litakuwa pole mjini na pia zito mlimani, hasa likibeba watu watano.

Maoni yetu ni kwamba kwa dereva mpya ni bora kushusha toki katika gia za kwanza mbili, kuilainisha pedali ili nusu ya kwanza ya mkanyago ilete nguvu kidogo kidogo, na kuweka kikomo cha mwendo. Katika gia za juu mwachieni nguvu ya kutosha. Kulipita lori kwenye barabara ya njia mbili kunataka nguvu, na hesabu yake si ngumu. Gari lenye uzito wa kilo 1,500 linalotoka mwendo wa kilomita 80 kwa saa hadi 110 linahitaji nishati ya kilojuli 330 hivi zaidi ya ile linayoitumia kushinda upepo na msuguano. Likibakiwa na kilowati 60 kwa kazi hiyo, linamaliza kwa sekunde 5.5. Likibakiwa na 35, linahitaji sekunde zaidi ya 9. Katika tofauti hiyo gari linakimbia karibu mita 100 zaidi likiwa upande usio wake. Tunaelewa hofu ya mzazi, na tunaiheshimu, lakini hatutaki hofu hiyo imweke mtoto mahali pabaya zaidi kuliko pale mlipokuwa mnamkinga.

Kabla ya kulipa chochote, someni kitabu cha gari, maana huenda kazi hiyo ilikwisha kufanywa kiwandani. Ford imekuwa ikitoa mfumo uitwao MyKey tangu magari ya mwaka 2010, ambao humwezesha mzazi kuupangia ufunguo wa pili kikomo cha mwendo. Katika magari ya Tesla ipo hali ya kumkabidhi gari mtu mwingine, ambayo hupunguza nguvu na kuzuia mwendo usizidi maili 70 kwa saa, yaani kilomita 113 hivi. Kitufe cha uendeshaji wa kiuchumi, ambacho kimo katika magari mengi, ni jambo tofauti: kwa kawaida hulainisha pedali, lakini dereva akiikanyaga hadi chini gari nyingi humpa nguvu zote. Msikitegemee kama kizuizi.

Ikiwa mtaendelea na fundi, dai mambo mawili bila kuona haya. La kwanza ni nakala ya programu ya awali, isomwe kabla hajaandika chochote, na mkae nayo ninyi wenyewe mbali na gari. La pili ni kwamba wakati wa kuandika programu mpya betri iunganishwe na chaja inayoshikilia volti bila kuyumba. Umeme ukishuka katikati ya uandishi, kompyuta inaweza kubaki na programu nusu, gari lisiwake tena, na kuiokoa kukahitaji kuifungua kompyuta mezani.

SWALI: Nina magari madogo kadhaa ya kusambaza mizigo, na mafuta yanakula faida yote. Nimeshauriwa nipunguze nguvu ya injini kwa asilimia 20 ili matumizi ya mafuta yashuke kwa kiwango hicho hicho. Je, hesabu hiyo ni sahihi? (Msambazaji)

JIBU: Si sahihi, ndugu yetu, na tunakusihi usitoe fedha kwa ahadi hiyo. Nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari ni kilele ambacho dereva hukifikia mara chache. Gari la kawaida la kilo 1,400 linalokwenda kilomita 100 kwa saa kwenye barabara tambarare hutumia kilowati 12 hadi 15 tu kwenye magurudumu. Ukiishusha injini ya kilowati 100 hadi 80, safari hiyo bado inataka zile zile 12 au 15, na mafuta yatakayotumika hayatatofautiana.

Hata wakati wa kuongeza mwendo, akiba si kubwa kama inavyosemwa. Nishati inayohitajika kulifikisha gari kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa ni ile ile, liwe limefika kwa sekunde 8 au kwa sekunde 14. Hasara hutokea baadaye, dereva anapokanyaga breki na kuigeuza nishati yote hiyo kuwa joto. Dereva anayeona taa nyekundu kwa mbali na kuliacha gari litembee lenyewe anaokoa mafuta ambayo hakuna jedwali la kompyuta linaloweza kuyaokoa kwa niaba yake.

Kikomo cha mwendo ndicho kinachofaa kwa magari yako. Upinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo, na nguvu ya kuushinda hukua kwa kipeo cha tatu. Kutoka kilomita 120 hadi 100 kwa saa, nguvu inayopotea kwenye upepo hupungua kwa takriban asilimia 42, na nishati inayopotea kwa kila kilomita hupungua kwa takriban asilimia 31. Magari yenye bodi ndefu iliyosimama wima, kama hayo ya mizigo, ndiyo yanayonufaika zaidi. Umoja wa Ulaya unalazimisha malori yenye uzito unaozidi tani 3.5 yawe na vidhibiti vinavyozuia kilomita 90 kwa saa, na mabasi kilomita 100. Katika magari mengi ya sasa kikomo cha namna hiyo ni tarakimu moja katika programu, na kukibadilisha ni kazi ndogo kuliko kuigusa toki. Angalia tu kwamba kompyuta inajua ukubwa halisi wa matairi uliyoyafunga, la sivyo mwendo inaouona hautakuwa mwendo wa kweli, na hakikisha nguvu inapungua taratibu kadiri gari linavyokaribia kikomo, wala haikatwi ghafla.

SWALI: Gari langu ni la dizeli na lina giaboksi ya otomatiki. Nililipeleka kwa fundi alipunguze toki kwa sababu ninavuta trela na nilitaka giaboksi idumu. Tangu siku hiyo gia zinaingia kwa kishindo. Fundi anasema giaboksi ilikuwa imechoka tangu awali. Nifanye nini? (Mvuta trela)

JIBU: Nia yako ilikuwa njema, na kupunguza toki ili kuilinda giaboksi ni sababu tunayoiunga mkono kikamilifu, kwa kuwa watengenezaji wenyewe huweka kikomo cha toki katika gia za chini kwa ajili hiyo hiyo. Tunachoshuku ni namna kazi ilivyofanywa.

Injini ya dizeli hutofautiana na ya petroli katika jambo la msingi. Ile ya petroli hutawaliwa kwa hewa, na petroli huifuata hewa hiyo. Ya dizeli huvuta hewa tele karibu wakati wote, na nguvu hutawaliwa kwa kiasi cha mafuta kinachopulizwa. Kwa sababu hiyo kupunguza mafuta katika dizeli hakuleti hatari ya mchanganyiko mkavu tuliyoieleza hapo juu, na fundi aliyezoea dizeli huweza kuona inatosha kushusha jedwali la mafuta tu kisha akafunga kazi. Injini huridhika, lakini giaboksi haina habari.

Kompyuta ya injini huiambia kompyuta ya giaboksi, mara nyingi kwa sekunde, kwamba sasa natoa toki kiasi hiki. Giaboksi hutumia taarifa hiyo kupanga mgandamizo wa oili unaozibana klachi zake za ndani. Sasa, fundi akipunguza mafuta bila kurekebisha jedwali linalogeuza kiasi cha mafuta kuwa toki, kompyuta ya injini itaendelea kutangaza nyutoni-mita 350 ilhali kinachotoka ni 260. Giaboksi huamini tangazo hilo, huzibana klachi kwa nguvu ya kukabili 350, na gia huingia kwa kishindo kama unavyoeleza. Mifumo ya kuzuia magurudumu kuteleza hutegemea taarifa hiyo hiyo, kwa hiyo nayo hufanya kazi kwa hesabu isiyo ya kweli.

Kabla hujakubali kwamba giaboksi imechoka, rudisha programu ya awali. Endesha gari kwa siku kadhaa bila trela, kwa kuwa giaboksi nyingi hujifunza taratibu na huhitaji muda wa kujirekebisha. Kishindo kikiisha, kosa lilikuwa katika programu, na dawa ni kushusha kikomo katika jedwali la toki ili tangazo na ukweli vilingane. Kikiendelea, basi hapo ndipo pa kuanza kukagua oili na klachi. Usikubali giaboksi ifunguliwe kabla ya jaribio hilo, ambalo ni rahisi mno likilinganishwa na gharama ya kuifungua.

SWALI: Nikipunguza nguvu, je, ninaweza kuhesabiwa kuwa ninaendesha gari dogo kwa mujibu wa leseni na bima? (Msomaji wa kudumu)

JIBU: Si kwa kupunguza peke yake. Kwa kawaida mamlaka na kampuni za bima hutazama nguvu iliyosajiliwa, na programu aliyoiandika fundi gereji haibadilishi karatasi. Katika nchi zinazokubali mabadiliko ya namna hiyo, huhitajika ukaguzi na hati inayothibitisha nguvu mpya.

Sheria zenyewe pia hazifanani. Katika majimbo ya New South Wales na Victoria nchini Australia, madereva wapya hawaruhusiwi kuendesha gari lenye zaidi ya kilowati 130 kwa kila tani ya uzito, kwa hiyo kinachopimwa ni uwiano wa nguvu na uzito. Kwa pikipiki, Umoja wa Ulaya uliweka daraja la leseni la A2 lenye kikomo cha kilowati 35 na kilowati 0.2 kwa kila kilo, na ukaongeza kwamba pikipiki iliyopunguzwa nguvu isiwe imetokana na ile yenye nguvu inayozidi mara mbili ya nguvu yake mpya. Tunaliona sharti hilo la mwisho kuwa la busara, kwa sababu kilichopunguzwa kwa programu huweza kurudishwa kwa programu jioni ile ile. Iarifu kampuni yako ya bima kwa maandishi hata kama unapunguza na huongezi, kwani baada ya ajali programu yoyote isiyo ya kiwandani inaweza kuzua maswali.

Ni vyema ujue pia kwamba gari likipelekwa kwa wakala wa mtengenezaji na kompyuta yake ikasasishwa, mabadiliko yako yanaweza kufutwa bila wewe kuambiwa. Baada ya huduma ya namna hiyo, jaribu kikomo chako mahali salama kabla ya kumkabidhi gari mtu mliyekusudia kumlinda.

SWALI: Gari langu ni la zamani, lina kompyuta lakini pedali yake inavuta waya. Je, nalo linaweza kupunguzwa nguvu kwa programu? (Mpenda magari ya kale)

JIBU: Kwa sehemu ndogo tu. Bosch iliunganisha cheche na upulizaji wa petroli chini ya kompyuta moja mwaka 1979, katika mfumo wa Motronic uliofungwa kwenye BMW 732i, lakini kwa miaka mingi baada ya hapo magari mengi yaliendelea kutumia waya kati ya pedali na throto. Katika gari la namna hiyo kompyuta haina mamlaka juu ya hewa. Dereva akikanyaga, hewa inaingia, na kompyuta inalazimika kuifuata kwa petroli. Kinachobaki kwake ni kukata petroli mizunguko au mwendo unapovuka kiwango fulani, na kuchelewesha cheche, njia ambayo tumekwisha kueleza ubaya wake.

Kwa gari lako dawa ni ya chuma: skrubu ya kizuizi chini ya pedali au kwenye throto, inayozuia kipepeo cha hewa kisifunguke chote. Irekebishwe kidogo kidogo, na baada ya kila hatua gari lijaribiwe mlimani likiwa na mzigo wake wa kawaida. Kumbuka kwamba kipepeo kilichofunguka nusu hupitisha karibu hewa yote ambayo injini inaihitaji katika mizunguko ya chini, kwa hiyo kizuizi hicho kitauonyesha ukali wake zaidi mizunguko inapopanda. Ikiwa gari ni la otomatiki, hakikisha kwanza kwamba waya unaotoka kwenye throto kwenda giaboksi umepimwa upya, maana ukibaki na kipimo cha zamani giaboksi itachagua gia kwa kuamini ufunguzi ambao throto haiufikii tena.